Sukari ya mbwa wangu Popi imesoma 27 jioni: nipandishe insulini mpaka ngapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa jike, chotara, anaitwa Popi, miaka tisa, kilo 12. Mwezi uliopita alianza kunywa maji bila kikomo, anakojoa mpaka sebuleni, anakula vizuri lakini anakonda. Daktari wa mifugo hapa Tanga alimpima akasema ni kisukari. Akamwanzishia insulini ya binadamu, ile ya rangi ya maziwa, uniti 3 asubuhi na 3 jioni, turudi baada ya wiki mbili. Mimi nampima kila asubuhi kwa mashine ya mama yangu ambaye naye ana kisukari. Ilisoma 22 (milimoli kwa lita), nikapandisha 4. Ikasoma 24, nikapandisha 5, kisha 6. Jana saa saba mchana akaanza kuyumba na kutetemeka, nikampa uji wenye sukari akatulia. Jioni mashine ikasoma 27! Nipandishe mpaka ngapi? Hajatolewa kizazi, na alikuwa kwenye joto muda mfupi kabla ya kuugua, sijui kama hilo lina maana.

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na sindano ya leo jioni maana hiyo haisubiri: usipandishe. Mpigie daktari wako kabla ya kumchoma, umweleze yote uliyoniandikia, hasa hilo la saa saba mchana. Mimi ningemrudisha kwenye uniti 3. Daktari wako akikwambia ushuke zaidi au uruke sindano moja, mfuate yeye. Yeye amemshika mbwa, mimi nimeshika barua tu.

Popi huchomwa saa moja asubuhi, nadhani, kama wengi wanavyofanya. Saa saba mchana ni saa sita baadaye, na insulini hiyo ya rangi ya maziwa mara nyingi huwa na nguvu zaidi katikati ya zamu yake. Mbwa aliyechomwa insulini akayumba wakati huo, kisha akatulia baada ya kupewa sukari, alishuka sukari. Hata bila mashine ningesema hivyo.

Basi ile 27 imetoka wapi? Kwanza, kwenye uji. Pili, kwenye mwili wa Popi mwenyewe. Sukari ikianguka mno mwili hushtuka, ukamwaga homoni zinazoliamuru ini litoe akiba yake ya sukari, na zikishamwagika huchukua saa nyingi kutulia, wakati mwingine siku nzima au zaidi. Kwa hiyo mtu anayepima jioni anaona mlima na hajui kwamba mchana kulikuwa na shimo. Anapandisha dozi, na kesho yake shimo linakuwa refu zaidi.

Kosa si kupima, dada. Namba ya asubuhi kabla ya sindano ndiyo namba ya juu kuliko zote za siku kwa mbwa wengi, kwa sababu dozi ya jana jioni imekwisha nguvu. Inakwambia insulini imeisha. Haikwambii ilifika chini kiasi gani ilipokuwa inafanya kazi, na dozi hupangwa kwa kuangalia hilo la pili. Mbwa wawili wanaweza kusoma 22 asubuhi, mmoja anahitaji kuongezwa na mwingine kupunguzwa.

Ili kuwatofautisha tunachora mwendo wa sukari wa siku nzima. Siku moja ambayo huendi popote, unampima kabla ya chakula cha saa moja asubuhi, unampa chakula na sindano yake ya kawaida, kisha unampima kila baada ya saa mbili: saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja, na kumalizia saa moja jioni kabla ya chakula. Ukihisi anashuka haraka, pima kila saa. Usimbadilishie ratiba siku hiyo wala kumpeleka matembezi asiyoyazoea, maana unataka kuiona siku yake ya kawaida.

Nikupe michoro mitatu ya mfano. Wa kwanza: 22, 19, 17, 15, 16, 18, 21. Huyu insulini inamgusa lakini haimshushi vya kutosha, na hajakaribia hatari. Huyu ndiye anayepandishwa. Wa pili: 21, 15, 9, 3.2, 8, 17, 25. Jioni yake ni mbaya kuliko ya yule wa kwanza, na bado huyu anapunguzwa. Kwa hadithi yako, nina wasiwasi Popi alikuwa huyu. Wa tatu: 22, 12, 6, 11, 18, 21, 23. Chini amefika mahali pazuri lakini hakukaa. Insulini yake inaisha mapema. Kumpandisha huyu ni kumsukuma shimoni saa tano asubuhi bila kumfaidisha jioni. Anahitaji aina nyingine ya insulini inayodumu zaidi, na hayo ni mazungumzo ya daktari.

Tunachokitafuta kwa mbwa ni sehemu ya chini ya siku iwe kati ya 4.5 na 8 hivi, na muda mwingi wa siku abaki chini ya 10 hadi 12, kwa sababu juu ya hapo figo za mbwa huanza kumwaga sukari kwenye mkojo, na sukari ikitoka huvuta maji. Hapo ndipo kiu na kukojoa sebuleni kunapoanzia. Usitafute namba za mtu mzima mwenye afya. Mbwa anayecheza kati ya 6 na 13 siku nzima, anayekunywa kawaida na ameacha kukonda, mimi naridhika naye.

Sasa kasi. Daktari wako alianza na uniti 3 kwa kilo 12, yaani robo ya uniti kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanzia, na ni pa chini kwa makusudi. Baada ya kuanza au kubadilisha dozi tunangoja siku 7 hadi 14 kabla ya kuigusa tena, kwa sababu mwili uliozoea sukari ya juu kwa wiki kadhaa haupokei insulini kwa siku ya kwanza kama utakavyoipokea siku ya kumi. Dozi ileile, bila kuongezwa tone, inaweza kufanya kazi zaidi wiki ya pili. Na tunapoongeza, tunaongeza asilimia 10 hadi 25. Kwa Popi ni nusu uniti tu. Wewe umeifanya dozi yake kuwa maradufu kabla ya miadi ya kwanza. Kushuka ndiko hakungoji wiki mbili: mbwa akionyesha dalili za sukari kushuka, dozi hupunguzwa siku hiyohiyo, robo hadi nusu.

Nusu uniti, utaniuliza, naipimaje? Chukua bomba lako la sindano ulitazame vizuri karibu na dirisha. Yale ya insulini ya mililita 1 yana mistari midogo, na mara nyingi kila mstari ni uniti 2. Kama ndilo unalotumia, basi 3 na 5 zako ulikuwa unazikisia katikati ya mistari miwili, na leo 5 ilikuwa 4 na nusu, kesho ikawa 6 bila wewe kujua. Omba bomba la mililita 0.5, ambalo kila mstari ni uniti 1, au la 0.3, baadhi ya hayo ya 0.3 yana alama za nusu uniti. Kwa mbwa wa kilo 12 huo ni ulazima.

Ukiwa umelishika bomba, soma pia maandishi ya ubavuni. Insulini za binadamu zinazouzwa kwenye maduka yetu ya dawa, kama Insulatard au Humulin N, ni uniti 100 kwa mililita, na bomba lake limeandikwa U-100, mara nyingi kifuniko chake ni cha rangi ya chungwa. Insulini za mifugo kama Caninsulin ni uniti 40 kwa mililita na zina bomba lake, U-40, ambalo mara nyingi lina kifuniko chekundu. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa 4, umemchoma uniti 10. Ukivuta ya 40 kwa bomba la 100 mpaka mstari huohuo, umemchoma uniti 1.6. Ndugu akikuletea Caninsulin kutoka Nairobi kama zawadi, asikuletee bila mabomba yake.

Na kabla hujaniuliza kama insulini ya binadamu inamfaa mbwa: inamfaa. Insulini ya mbwa na ya nguruwe ni kitu kimoja, na ya binadamu inapishana nazo kwa kijenzi kimoja tu cha protini. Tena deni liko upande wetu. Mwaka 1921 kule Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best, walioigundua insulini, walifanya majaribio yao kwa mbwa waliotolewa kongosho (kiungo kinachotengeneza insulini), na mwaka uliofuata binadamu wa kwanza akachomwa. Muhimu ni kubaki na aina moja. Muuza dawa akikosa Insulatard akakupa Mixtard, ile ni mchanganyiko wenye sehemu ya insulini ya haraka, na dozi uliyoitafuta kwa mwezi mzima haihamii huko.

Mashine ya mama nayo ina lake. Imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Kwenye damu ya mbwa sukari imegawanyika tofauti kati ya chembe nyekundu na maji ya damu, hivyo mashine hizi mara nyingi husoma chini kuliko ukweli. Zipo zilizopangwa kwa mbwa na paka, AlphaTRAK kwa mfano, lakini vijiti vyake ni ghali na si rahisi kuvipata huku. Tumia ya mama, ila iwe hiyohiyo kila siku, maana tunasoma mwendo zaidi ya namba moja moja. Ikisoma 3.2, usijifariji kwamba pengine ukweli ni 4.5. Mlishe kwanza. Damu yake itoe pembeni ya sikio ukishalipasha moto kwa kitambaa, au ndani ya mdomo wa juu. Tone dogo linatosha. Na mnunulie mama vijiti vyake, isije siku akavihitaji akakuta kopo tupu.

Tufike kwenye lile uliloliandika mwishoni kana kwamba ni dogo. Dada, hilo la joto na kizazi ndilo kubwa kuliko yote. Mbwa jike akitoka kwenye joto, awe na mimba au asiwe nayo, mwili wake hukaa na projesteroni (homoni ya ujauzito) nyingi kwa miezi miwili hivi. Projesteroni hiyo huyafanya matiti yake yatoe homoni ya ukuaji, na homoni ya ukuaji huizuia insulini isifanye kazi. Ndiyo maana majike wengi huonekana na kisukari wiki chache baada ya joto. Katika kipindi hicho unalenga shabaha inayotembea: wiki hii insulini haimgusi, wiki ijayo projesteroni ikishuka dozi ileile inamwangusha. Kuyumba kwa jana kunaweza kuwa mwanzo wa hilo.

Kwa hiyo swali la kumpeleka kwa daktari si "nipandishe ngapi" bali "tunamtoa kizazi lini". Jibu langu ni mapema, mara tu anapokuwa na nguvu za kuhimili usingizi wa dawa, bila kusubiri sukari inyooke, kwa sababu haitanyooka kizazi kikiwa ndani. Baadhi ya majike wakitolewa mapema huacha kuhitaji insulini kabisa. Sikuahidi, kwani kongosho lililokwisha kuchoka haliamki, lakini hata huyo asiyepona, dozi yake hutulia. Baada ya upasuaji mpime kila siku mara kadhaa, maana mahitaji ya insulini yanaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Mwombe daktari aangalie pia kama hakuna usaha kwenye mji wa mimba. Nao huja wiki chache baada ya joto, nao huleta kiu kubwa.

Kwenye mstari huohuo: kama amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia mimba, sema. Ni projesteroni ya kutengenezwa, na inafanya yaleyale kwa muda mrefu. Kama alichomwa deksamethasoni kwa ajili ya muwasho, au anapewa vidonge vya prednisoloni, sema pia. Meno yaliyooza na maambukizi kwenye mkojo nayo huikaidi insulini. Mbwa akifika uniti 1 hadi 1.5 kwa kila kilo na bado sukari iko juu, sisi huacha kupandisha na kuanza kutafuta mkaidi ni nani. Popi hayuko huko hata kidogo.

Chakula nitakipitia haraka. Ugali wa dona na dagaa au nyama hauna shida, ila uwe wa kiasi kilekile, mchanganyiko uleule, saa zilezile mbili kwa siku. Dozi hupangwa juu ya chakula; chakula kikiyumba, nayo inayumba. Biskuti za watoto, mabaki ya pilau ya Ijumaa na maganda ya maembe yaishe. Mpe chakula kwanza, umwone amekula, ndipo umchome. Akikataa kula, wengi wetu tunashauri nusu dozi na simu kwa daktari. Akikataa na anatapika, usimchome kabla hujaongea naye. Na ukikuta asubuhi, kabla hajala, yuko chini ya 10, usimchome dozi kamili kwa mazoea. Piga simu kwanza.

Joto la Tanga halina urafiki na insulini. Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, mlangoni, kamwe si kwenye friza. Ikiganda imekwisha hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Umeme ukikatika siku nzima, iweke kwenye kopo lisiloingia maji ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, mahali penye kivuli na upepo. Kabla ya kuvuta, Insulatard izungushe taratibu katikati ya viganja mpaka iwe sawa yote. Caninsulin yenyewe maelekezo yake ni kuitikisa. Chupa ikifika mwezi tangu ifunguliwe, nunua nyingine hata kama imebaki nusu. Nimeona mbwa wakipandishwa dozi wiki baada ya wiki na kumbe chupa imekaa kwenye gari.

Kati ya sasa na miadi, acha kumpima kila asubuhi kwa nia ya kubadilisha dozi. Pima maji. Jaza jagi asubuhi, mimina kwake kutoka kwenye hilo tu, na kesho asubuhi hesabu kilichobaki. Kwa kilo 12, anayepita lita 1.2 kwa siku bado anakunywa kupita kiasi. Mpime uzito mara moja kwa wiki: panda kwenye mizani umembeba, kisha wewe peke yako. Nunua na vijiti vya mkojo vinavyoonyesha ketoni, yaani asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Ketoni zikionekana, naye amezubaa au anatapika, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, haingoji kuche.

Akiyumba tena, pitisha asali au glukosi kwenye ufizi kwa kidole, na akiweza kumeza mpe chakula chake. Akiwa anapigwa degedege usimmiminie kitu mdomoni, kitaenda kwenye mapafu. Paka tu ufizi kwa tahadhari asije akakung'ata na umkimbize kwa daktari. Sindano inayofuata isitoke bila daktari kusema.

Wenye paka mnaosoma hapa, msiibe namba hizi. Paka wengi tunawaanza kwa uniti 1 au 2 kwa paka mzima, tunasogea kwa nusu nusu, na hofu ya kliniki peke yake inaweza kumpandishia paka sukari. Baadhi yao kisukari chao hutulia kabisa wakipungua unene na kuacha wanga. Ni somo jingine.

Jambo la mwisho ni daftari. Andika saa, amekula kiasi gani, dozi, na jina la aliyechoma. Nyumba zenye watu wengi mbwa huchomwa mara mbili kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amesahau. Na ukimchoma akaruka, ukakuta manyoya yamelowa na hujui ni kiasi gani kimeingia, usirudie. Andika "imemwagika", umwache mpaka zamu ya jioni.